Mama wa Mapacha Akiwa Mgonjwa

Siku moja watu wanne walimleta mama mmoja hospitalini juu ya kipoyi. Mume wake alitembea nyuma yao, amebeba mtoto mmoja kifuani, na dada ya mama alibeba mtoto wa pili mgongoni. Watoto walikuwa mapacha wa miezi minne. Macho yao yalikuwa safi, mashavu yao yamejaa. Lakini mama mwenyewe hakuweza kusimama. Tulivuta chini ukope wake, tukaona ndani ni peupe kabisa. Tulipopima nguvu ya damu yake tulikuta 4 tu, na mwanamke mwenye afya anapaswa kuwa na 12 au zaidi.

Kisha tuliangalia karatasi za watoto. Mama huyu alikuwa amekuja kwetu mara tatu, siku ya kupima watoto kilo. Mara zote tatu tuliwapima watoto, tukaandika kilo zao, tukamsifu mama. Hatukumwuliza: Na wewe mwenyewe, mama, una hali gani? Kosa hili lilikuwa letu. Tulipomwuliza kwa nini hakusema neno siku zile, alijibu kwa sauti ndogo: “Nilidhani ni uchovu wa mapacha.”

Tunaandika kurasa hizi kwa sababu ya jibu lile.

Katika Afrika ya Kati mapacha wanazaliwa mara nyingi kuliko katika nchi nyingi za Asia. Kwetu Kongo wanapewa majina yao maalum: Waluba wanasema Mbuyi na Kabanga, na majirani zetu Warundi wanasema Bukuru na Butoyi. Mama anaitwa Mama Mapasa, na watu wanamwimbia. Heshima hiyo ni nzuri. Lakini mara nyingine inamfunga mama kinywa. Kila mtu anamwambia, “Umebarikiwa mara mbili,” naye anaona haya kusema kwamba anaumwa. Basi, mama, kama wewe ni mgonjwa, kusema hivyo si kukataa watoto wako.

Uchovu na ugonjwa

Labda utauliza: Nitajuaje? Kila mama wa mapacha anachoka. Ndiyo. Mmoja akilala, wa pili anaamka. Lakini uchovu wa kazi unapungua ukipata usingizi. Mwambie mama mkwe au binti yako mkubwa ashike watoto, ulale saa tatu au nne mchana. Ukiamka na nguvu zimerudi kidogo, ulikuwa na uchovu. Ukiamka na moyo unapiga mbio, kichwa kinazunguka, na pumzi inakwisha ukipanda kilima kidogo tu ambacho zamani ulikipanda ukiimba, huo ni ugonjwa. Njoo upimwe damu.

Upungufu wa damu unawapata sana mama wa mapacha. Wakati wa mimba watoto wawili walichukua chuma mwilini mwake ili kujenga damu yao. Tena kizazi kilichotanuka kwa watoto wawili mara nyingi kinachelewa kujikaza baada ya kuzaa, na damu nyingi inatoka. Kisha malaria inaharibu damu iliyobaki. Kisha minyoo ya safura, ambayo inaingia kwa ngozi ya miguu pale watu wanapokwenda haja porini, inanyonya damu hiyo ndani ya matumbo. Unaona sasa kwamba mama anaweza kupungukiwa damu kwa njia nne kwa wakati mmoja, naye anasema tu kwamba amechoka.

Ndiyo maana tunakupa vidonge vya chuma, mara nyingi kwa miezi 3. Usiviache nusu njia kwa sababu unajisikia vizuri. Choo chako kitakuwa cheusi. Usiogope, ni chuma tu. Kama vinakuumiza tumbo, meza pamoja na chakula. Usinywe chai wakati ule ule, kwa maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Machungwa au mapera yanakisaidia kuingia. Utapata pia dawa ya minyoo. Vaa viatu, hata vya mpira, na baba achimbe choo kama nyumba haina.

Juu ya chakula tuna neno moja gumu. Mara nyingi tunaona nyumba ambamo baba anakula kwanza, kisha wageni, kisha watoto wakubwa, na mama anayenyonyesha wawili anafuta chungu. Mama huyu anahitaji kula kuliko wote waliomo nyumbani. Kila mtoto anayenyonya anadai chakula chake kwa njia ya mwili wa mama. Kwa hiyo tunasema: juu ya chakula chake cha kila siku, aongezewe sahani moja kwa ajili ya mtoto wa kwanza na sahani moja kwa ajili ya mtoto wa pili. Si lazima iwe nyama. Maharagwe ni mazuri, na sombe iliyotiwa ndakala au sambaza waliotwangwa, na lengalenga, karanga, na mafuta ya mawese. Ukipata maini, mpe mama. Mahali pengine wanawake wanakatazwa mayai au kuku. Sisi tumeona mama wengi wakila mayai, na hakuna aliyedhurika kwa kuvunja katazo hilo.

Je, aache kunyonyesha?

Mama akipatwa na homa, mtu wa kwanza kufika nyumbani atasema: “Ondoa watoto kwenye ziwa, maziwa yameharibika.” Tunakuomba usimsikilize. Malaria haipiti katika maziwa. Homa haiozeshi maziwa. Lakini mtoto wa miezi mitatu anayetolewa kwenye ziwa na kupewa uji mwepesi kwa biberoni, yeye anaweza kufa kwa kuhara kabla homa ya mama yake haijakwisha. Inzi wanaijua biberoni kuliko mtu yeyote.

Ukiwa na homa, nenda upimwe kidoleni. Kama ni malaria, utapewa dawa za kumeza siku 3. Wazee wetu walitumia kinini, na baadaye watu wote walijua nivakini. Lakini vidudu vya malaria vya kwetu vimeizoea nivakini, nayo haifai tena. Tangu mwaka 2005 Kongo inatumia dawa za artemisinini zikiunganishwa na dawa ya pili. Meza zote, hata kama homa inaondoka siku ya kwanza. Usiwawekee watoto vidonge viwili vya mwisho. Mwambie munganga kwamba unanyonyesha, naye atakupa dawa inayokufaa. Na usiku wewe na watoto wote wawili mlale ndani ya chandarua chenye dawa. Tumekuta nyumba nyingine ambamo chandarua kimefunika vifaranga. Hatucheki, maana kuku ni mali; lakini vifaranga watafutiwe kitu kingine.

Mama wengi wa mapacha wanaogopa kwamba maziwa hayatatosha. Ziwa si mtungi unaokwisha kwa kumiminwa. Linafanana na chemchemi: jinsi unavyochota, ndivyo maji yanavyokuja. Watoto wawili wakinyonya mara nyingi, mchana na usiku, mwili unajifunza kutengeneza maziwa ya wawili. Miezi 6 ya kwanza hawahitaji kitu kingine, hata maji. Kuokoa nguvu zako, wanyonyeshe pamoja. Kaa juu ya mkeka na uegemee ukuta. Weka kitenge kilichokunjwa vizuri kila upande wako. Laza mtoto mmoja chini ya kila mkono, miguu yake ielekee nyuma yako, kichwa chake kikae katika kiganja chako. Mara nyingine badilisha upande, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuvuta kwa nguvu kuliko mwenzake. Kama mapacha walizaliwa wadogo sana na hawana nguvu ya kuvuta, kamua maziwa katika kikombe safi na uwanyweshe polepole kwa kikombe kile. Uwaweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wewe na baba kwa zamu. Njia hii ya kuwatunza watoto wadogo ilianza katika hospitali moja ya Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, wakati vyombo vya kuwapasha joto watoto havikutosha. Haidai umeme wala mafuta.

Ukiwa mgonjwa hata huwezi kukaa, lala ubavu na unyonyeshe mmoja. Mtu mwingine amwondoe aliyeshiba, akuletee wa pili. Kazi yako ni kulala na kumeza dawa tu.

Ziwa lenyewe likiwa gumu, lenye moto na maumivu, na homa inakushika, mtoto aendelee kunyonya ziwa hilo. Kwa mama wa mapacha jambo hili linatokea upesi, maana akichoka anawaacha watoto wakae muda mrefu bila kunyonya, na maziwa yanasimama ndani. Pumzika, nyonyesha mara nyingi, weka kitambaa cha baridi kupunguza maumivu. Siku moja ikipita bila nafuu, njoo upate dawa. Usikubali mtu akuchanje ziwa kwa wembe na kupaka majivu. Ziwa lililochanjwa hivyo linaweza kujaa usaha.

Kwa ajili ya mama wenye virusi vya SIDA tunasema kwa ufupi: mama anayemeza dawa zake kila siku bila kukosa anaweza kunyonyesha mapacha wake, nao wanapewa dawa yao tangu kuzaliwa. Na mama anayekohoa zaidi ya wiki 2 aje apimwe kifua kikuu. Hatumwondoi kwa watoto wake. Tunawapa watoto dawa ya kuwakinga.

Huzuni isiyokwisha

Baada ya kuzaa, mama wengi wanalia ovyo siku chache. Hii inapita. Lakini kuna mama ambaye wiki mbili zinapita, na mwezi unapita, na anga kwake ni jeusi. Hawezi kulala hata watoto wakilala. Anawatazama kama watoto wa mtu mwingine. Anawaza kwamba ingefaa afe. Mama wa mapacha wanapatwa na huzuni hii kuliko mama wa mtoto mmoja, na upungufu wa damu unaizidisha. Majirani watasema amerogwa, au ni mvivu, au imani yake ni ndogo. Tunasema ni ugonjwa. Unaletwa na mwili uliochoka na mzigo uliozidi, na unatibika kwa mazungumzo, kwa msaada, na mara nyingine kwa vidonge. Kama mama anasema anataka kujidhuru au kuwadhuru watoto, asiachwe peke yake hata saa moja, aletwe siku ile ile. Msimkemee njiani.

Tena kuna mama ambaye pacha mmoja amekufa. Mahali pengine wanamkataza kumlilia, wakisema aliyebaki atafuata. Kumbe mama anakaa na machozi ndani, na maziwa yanapungua kwa sababu hali na halali. Mwacheni alie. Aliyebaki anahitaji mama aliyelia na kupumzika.

Desturi ya sawasawa

Katika kabila nyingi za kwetu mapacha wanatendewa sawasawa. Ukimnunulia mmoja nguo, unamnunulia na wa pili. Ni desturi nzuri, inawafundisha wazazi wasipendelee. Lakini katika ugonjwa inadanganya. Baba mmoja alileta pacha mwenye homa, akapewa dawa, akaigawa nusu kwa nusu nyumbani ili mwenzake asikasirike. Mgonjwa alipata nusu ya dawa, na mzima alipata dawa asiyoihitaji. Baada ya siku nne alirudi mbio usiku na mtoto anayetetemeka degedege. Dawa inapimwa kwa kilo za kila mtoto na kwa ugonjwa wake mwenyewe.

Hata katika chakula, aliye dhaifu anadai zaidi. Wakifikisha miezi 6 na kuanza kula, mara nyingi mmoja ni hodari wa kunyang’anya na mwenzake anakaa kimya. Mpe kila mmoja sahani yake. Uji wa soya, mtama na mahindi, ambao wengine wanauita sosoma, ni mzuri kuliko uji wa muhogo peke yake. Siku ya kilo, muuguzi atapima mkono wa kila mtoto kwa mshipi wenye rangi tatu. Rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11 na nusu, maana yake mtoto ana hatari na anapaswa kutibiwa mara moja. Miguu yote miwili ikivimba, nywele zikigeuka nyekundu, na mtoto akakataa kucheza, ndiyo bwaki ambayo watu wa Kivu wanaijua tangu zamani. Tukimwona pacha mmoja na bwaki, tunamtafuta mama yake pia, maana mara nyingi yeye ni mgonjwa, au amepata mimba tena.

Kwa baba na kwa mama wa kanisa

Baba, wewe nawe unaitwa Papa Mapasa, na jina hilo lina kazi. Hebu tupime. Watoto wawili wa miezi minne wanaweza kuwa na kilo 11 pamoja. Bidoni la lita 20 ni kilo 20. Mama anayepanda kutoka mtoni na mtoto mmoja mbele, mmoja nyuma, na bidoni kichwani, amebeba kilo 31, na mwili wake bado haujapona. Ndivyo mama wengi wanavyopata uzito chini ya tumbo na kizazi kinachoshuka. Chukua baiskeli ulete maji. Watakaocheka watacheka wiki moja.

Tena, mzungumze ninyi wawili juu ya kuachanisha uzazi. Mwili wa mama unahitaji angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine, hasa baada ya mapacha. Kunyonyesha peke yake kunazuia mimba kama watoto hawajafika miezi 6, hawapewi kitu kingine, mchana na usiku, na mama hajaona damu ya mwezi. Moja la mambo haya matatu likivunjika, kinga imevunjika. Njooni tuwaeleze sindano, kijiti cha mkononi na njia nyingine.

Ninyi mama wa kanisa, mnapokwenda kumwona Mama Mapasa mnapeleka sabuni, na ni vizuri. Lakini mnakaa hata jua linashuka, naye anainuka kuwapikia! Afadhali mpange zamu: mmoja afue nguo Jumatatu, mmoja alete kuni Jumatano, mmoja ashike watoto Ijumaa ili mama alale. Msingoje aombe.

Usikawie

Katika wiki 6 baada ya kuzaa, njoo siku ile ile, hata usiku, ukiona damu inalowesha kitambaa upesi. Ukipata homa pamoja na maji yenye harufu mbaya kutoka chini. Ukiumwa kichwa sana na macho yakaona giza. Ukivimba uso na mikono. Ukizimia au kupatwa na degedege. Mama wa mapacha anapatwa na kupanda kwa damu kuliko wengine, na hatari hiyo haiishi siku ya kuzaa. Kama mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku, usijifiche nyumbani kwa aibu. Ugonjwa huo unatengenezwa kwa operesheni. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambayo munganga Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, inajulikana kwa kazi hiyo.

Yule mama wa kipoyi alipewa damu ya mdogo wa mume wake na ya jirani mmoja. Alinyonyesha watoto wake kitandani kwetu kila siku. Alipotoka alitembea kwa miguu yake, na vidonge vyake katika mfuko.

Ukija kwetu, mama, lete watoto wote wawili, hata kama mmoja ni mzima, maana atataka kunyonya. Lete mtu wa kukusaidia kuwashika. Lete karatasi zao na dawa zote unazomeza, na zile za kienyeji pia, hatutakugombeza. Anza safari mapema, kabla jua halijawa kali. Watoto wakikwisha kupimwa, usiondoke. Keti kwenye benchi na usukume kilemba nyuma kidogo, kwa maana muuguzi atataka kuona ndani ya macho yako wewe.